Ti, do, la, se: jina la mtu ndani ya nyuzi 16

Kama umewahi kuimba kwaya na kusoma nyimbo kwa solfa, jaribu hivi kwa sauti ya chini: ti, do, la, kisha se, yaani ile so iliyopandishwa nusu. Usiharakishe. Imba tena. Sauti inapanda hatua ndogo kabisa, inaruka pengo kwenda chini, kisha inashuka tena hatua ndogo na kukwama mahali pasipokalika. Sikio linaiomba isogee kidogo tu, irudi kwenye la, ipumzike. Hairudi. Ni noti nne basi. Mwito wa muuza samaki anayepita mtaani asubuhi huenda una noti nyingi kuliko hizo.

Kwa noti hizo nne Dmitri Shostakovich, mtunzi wa Kirusi aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1906, alijenga muziki wa dakika 20 hivi. Aliuanza tarehe 12 Julai 1960, akaumaliza tarehe 14. Siku tatu. Unaitwa Kwateti ya Nyuzi Namba 8, opasi 110, na ni miongoni mwa kwateti za karne ya 20 zinazopigwa sana duniani. Nimeusikiliza kwa miaka mingi, na kila mara narudi kwenye swali lile lile: mwito mfupi kiasi hiki unawezaje kubeba nyumba kubwa kiasi kile bila kupasuka?

Kwateti ya nyuzi ni watu wanne na ala nne: fidla mbili, viola na selo. Mpenzi wa taarab hahitaji maelezo marefu. Fidla anaijua, selo, ile inayosimamishwa chini na kushikwa kati ya magoti, ameiona kwenye jukwaa la Unguja ikiunguruma nyuma ya kanuni na udi. Viola ni dada mkubwa wa fidla, kifua kipana kidogo, sauti nzito kidogo. Tangu Joseph Haydn wa Austria alipoukomaza mpangilio huu katika karne ya 18, watunzi wameupenda na kuuogopa kwa sababu moja: hauna pa kujificha. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, hakuna kiongozi mwenye kijiti. Wanne wanakaa nusu duara, wanatazamana, wanavuta pumzi pamoja. Mtunzi akiwa hana la kusema, dakika tatu zinatosha kumuumbua.

Lawama inayosikika sana kuhusu muziki wa aina hii uliotungwa karne ya 20 ni kwamba hauna lahani. Mozart, watu husema, unatoka naye ukumbini ukimpigia mluzi hadi nyumbani. Hawa wa baadaye unatoka nao na maumivu ya kichwa. Naielewa lawama hiyo, na kwa baadhi ya kazi naiunga mkono. Lakini mara nyingi lahani ipo, ila imepunguzwa ukubwa. Zamani ilikuwa sentensi nzima, yenye mwanzo, katikati na kituo. Béla Bartók wa Hungaria katika kwateti zake sita, na Shostakovich baada yake, walichukua neno moja tu la sentensi hiyo wakaliuliza lina nini tumboni. Ukisikiliza ukiitafuta sentensi, utachoka. Ukilishika lile neno moja na kulifuata linakokwenda, umbo zima la muziki linafunguka, kwa sababu umbo lenyewe ndiyo safari ya neno hilo.

Na hapa neno lenyewe ni jina la mtu. Wajerumani huzitaja noti kwa herufi, kwa namna yao. Ile ambayo Waingereza huiita E iliyoteremshwa nusu, Wajerumani huiita Es, na hutamkwa sawasawa na herufi S. Ile ambayo Waingereza huiita B, wao huiita H, na B yao ni noti iliyo nusu toni chini yake. Sasa chukua jina la mtunzi kama linavyoandikwa Kijerumani, Dmitri Schostakowitsch, ulifupishe: D. Sch. Herufi D, S, C, H. Zigeuze noti, unapata zile nne ulizoimba hapo juu. Johann Sebastian Bach alikuwa amefanya hivyo kwa B-A-C-H karne mbili nyuma, katika kazi ya mwisho aliyoiacha haijakamilika.

Kwa msomaji wa tenzi jambo hili si geni. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alijitaja karibu na mwisho, pamoja na mwaka wa Hijria, kama desturi ya washairi wa pwani ilivyotaka. Shairi limekwisha, sasa ujue limetungwa na nani. Jina linakaa mlangoni wakati wa kutoka. Shostakovich ameliweka mlangoni wakati wa kuingia, na halitoki tena; linapita vyumba vyote vitano vya nyumba yake. Vyumba nasema, kwa sababu sehemu tano za kwateti hii hazina kituo kati yake. Mlango mmoja unafunguka moja kwa moja kwenye chumba kingine, na wapigaji hawapati hata nafasi ya kugeuza shingo.

Mahali alipotungia ni Gohrisch, mji mdogo wa mapumziko karibu na Dresden, katika Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Alikuwa amekwenda kutunga muziki wa filamu ya Lev Arnshtam, Siku Tano, Usiku Tano, inayohusu Dresden mwishoni mwa vita, mji uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu Februari 1945. Muziki wa filamu ukagoma kutoka. Ukatoka huu.

Alikuwa na miaka 53. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kudhoofika. Kiangazi hicho hicho alikuwa amebanwa hadi akakubali kuingia Chama cha Kikomunisti, jambo alilokuwa amelikwepa miaka yote ya Stalin, na rafiki yake Isaak Glikman amesimulia jinsi alivyomkuta akilia. Siku tano baada ya kuimaliza kwateti, tarehe 19 Julai, Shostakovich alimwandikia Glikman barua. Alieleza kwamba aliwaza hivi: akifa, hakuna atakayetunga kazi ya kumkumbuka, basi bora aitunge mwenyewe. Akaorodhesha vipande vya kazi zake za zamani alivyovipanga ndani. Akataja machozi yaliyomtiririka wakati wa kutunga, na yaliyomtoka tena alipojaribu kuupiga nyumbani. Hapo ndipo penye jambo linalonigusa kuliko yote katika barua ile: machozi hayo ya pili, alisema, hayakuwa ya msiba. Yalimtoka kwa kustaajabia jinsi umbo la kazi lilivyoshikamana.

Mtu anatunga rambirambi yake mwenyewe, na kinachomliza ni ufundi wa seremala. Nadhani kila mtu aliyewahi kujenga kitu kwa mikono yake, akakirudia usiku na taa kukitazama, anaelewa.

Mwaka jana nilikaa Mji Mkongwe, Unguja, na mpiga fidla mmoja mzee, mtu aliyeshika upinde tangu ujana wake katika vikundi vya taarab. Nilimwamkia, akaitikia, tukaketi barazani kwake. Nikaiegemeza simu kwenye gilasi ya chai ili spika isikike vizuri, nikamwekea kuanzia mwanzo.

Selo inaanza peke yake, chini kabisa, polepole: D, S, C, H. Viola inaingia na mwito ule ule. Halafu fidla ya pili. Halafu ya kwanza. Sauti nne zinalitaja jina moja, kila moja kwa wakati wake, hadi linakuwa kama ukungu chumbani.

Mzee alisikiliza dakika mbili hivi, kichwa kimeinama. "Mwanangu," akaniuliza, "mwimbaji anaingia lini?"

"Haingii, Mzee. Ni hao wanne tu hadi mwisho."

"Aa." Akatafakari. "Mimi nilidhani hii bashrafu."

Kosa lake lilinifundisha kitu. Kwa sikio la taarab, ala zikicheza peke yake kwa utulivu namna hii, kama katika bashrafu ya ufunguzi, zinatengeneza mahali pa mtu kusimama. Zinafagia baraza, mgeni yuaja. Na ukweli ni kwamba sehemu ya kwanza imejengwa hivyo hasa. Selo na viola zinashikilia noti mbili za chini, C na G, muda mrefu bila kusogea, kama ardhi. Juu yake fidla ya kwanza inateremka hatua ndogo ndogo, bila papara. Katikati kinapita kipande cha Simfoni ya Kwanza, kazi aliyoimalizia masomo yake ya muziki akiwa na miaka 19, iliyompatia umaarufu mwaka 1926 Leningrad, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati ule. Kule kilikuwa kichokozi, cha kijana anayejua kwamba ni hodari. Hapa kimepunguzwa mwendo hadi uchokozi wote umetoka, umebaki mfupa wa lahani. Kisha jina linarudi. Linapita kumbukumbu nyingine, na jina linarudi tena. Ni kibwagizo, kama unavyokijua wewe msomaji: beti zinabadilika, chenyewe kinakaa pale pale, na kwa kukaa kwake pale pale maana yake inazidi kuwa nzito.

Nitoke Gohrisch kidogo, maana hiyo si njia pekee ya kujenga kwateti, na mojawapo ya njia nyingine imeanzia kwa jirani zetu. Mwaka 1988 Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, kwa ala hizo hizo nne. Kronos Quartet wa Marekani wakairekodi katika albamu yao Pieces of Africa ya mwaka 1992. Anayetaka kuielewa aanze na amadinda, marimba makubwa ya Buganda yanayopigwa na watu watatu. Wa kwanza anapiga mfululizo wake wa noti. Wa pili anaingiza zake katika mapengo aliyoyaacha mwenzake, hata mikono inaonekana inataka kugongana. Wa tatu ana vibao viwili tu, vya juu kabisa, na kazi yake ni kuokota noti anazozisikia zikichomoza kutoka kwa hao wawili. Lahani unayoisikia hakuna aliyeipiga. Imezaliwa katikati yao. Ndiyo maana Tamusuza namsikiliza kuanzia kwenye mfumo, nikingoja lahani inichomokee yenyewe. Shostakovich namsikiliza kinyume: nashika lahani kwanza, ndogo kama ilivyo, nayo inanipeleka kwenye mfumo. Siwapimi nani zaidi. Nataka tu isidhaniwe kwamba ala hizi nne zina lugha moja.

Sehemu ya pili inalipuka bila onyo. Fidla ya kwanza inakimbia, wengine watatu wanakata kwa mapigo mazito ya upinde. Jina lipo humo humo, ila sasa linapigiwa kelele. Ndipo inapoingia, kwa nguvu zote, lahani yenye ladha ya Kiyahudi ambayo Shostakovich aliitoa katika Trio yake ya mwaka 1944, kazi aliyoitunga kumkumbuka rafiki yake Ivan Sollertinsky, mwaka ambao habari za kambi za kuwaangamiza Wayahudi zilikuwa zikianza kufika Urusi. Fidla mbili zinaipiga juu, viola na selo zinapanda na kushuka chini yake kama mawimbi yanayopiga ubavu wa jahazi.

Mzee aliinua kidole. "Hijazi," akasema. Akasikiliza zaidi. "Si Hijazi yenyewe. Lakini imepita mlangoni pake."

Alikuwa amelinasa lile pengo pana la toni moja na nusu, ambalo makamu ya Hijazi inaringa nalo na ambalo Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanalo katika nyimbo zao za arusi na za maombolezo. Lahani hiyo inakuja mara mbili, na mara ya pili, wakati sauti iko juu kabisa, muziki unakatwa. Haupungui, haufifii, unakatwa tu, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno.

Kisha, dansi. Hii ndiyo sehemu ninayoiona ya ustadi kuliko zote, na ndiyo ambayo wasikilizaji wengi huipita haraka wakingoja msiba urudi. Fidla ya kwanza inalitaja jina kwa sauti kubwa, peke yake, na mara viola inaanza kupiga mwendo wa walsi, moja-mbili-tatu, na jina linavaa mwendo huo likaanza kucheza. Noti ni zile zile. D inarudiwa rudiwa kama mtu anayegonga kisigino, halafu S, C, H. Lile neno la maombolezo la mwanzoni sasa linazunguka ukumbini.

Sikiliza linapotua. Fidla inaigusa H, noti ya mwisho ya jina. Chini yake viola inaendelea na B ya Wajerumani, nusu toni pungufu. Muimba kwaya ataelewa mara moja kilichotokea: ukiishika H, muziki ni wa meja, ukiishika B, ni wa maina. Zote mbili zinapigwa, kila mpigaji anashikilia ya kwake, na hakuna anayempisha mwenzake. Dansi inachezwa juu ya sakafu yenye ubao uliolegea. Ningekuwa na mwanafunzi mmoja wa utunzi ningemkalisha kwenye mipigo hii michache kwa wiki nzima, ajionee jinsi nusu toni moja, ile hatua ndogo iliyokuwa ndani ya jina tangu mwanzo, inavyoweza kugeuzwa kuwa ugomvi.

Na hatua hiyo ndogo imefichwa mahali pakubwa zaidi. Ukitazama funguo za sehemu tano kwa mpangilio, ya kwanza iko katika C maina, ya pili katika G iliyopandishwa nusu, ya tatu katika G yenyewe, ya nne katika C iliyopandishwa nusu, ya tano katika C tena. Kutoka chumba cha pili kuingia cha tatu unashuka nusu toni. Kutoka cha nne kuingia cha tano unashuka nusu toni. Ni kushuka kule kule kwa la hadi se, mwisho wa jina, isipokuwa sasa kumechukua dakika nzima nzima na hakuna anayekuhesabu kwa sikio. Mwili ndio unaokumbuka. Nafikiri hiki ndicho alichokistaajabia mwenyewe: kilichomo katika noti nne ndicho kilichomo katika kuta.

Katikati ya dansi anaingiza pia Konseto ya Selo ya Kwanza, aliyoitunga mwaka mmoja nyuma, 1959, kwa ajili ya Mstislav Rostropovich, nayo kichwa chake ni noti nne, ndugu wa karibu wa jina lake. Walsi inapungua, wachezaji wanaondoka mmoja mmoja, mpaka inabaki fidla ya kwanza na noti moja nyembamba.

Noti hiyo inavuka mpaka. Sehemu ya nne inaanza nayo ikiwa bado inavutwa, na chini yake wengine watatu wanapiga mapigo matatu mazito. Kimya chenye ule uzi mwembamba. Mapigo matatu tena.

Watu wamebishana sana juu ya mapigo hayo. Kazi ilichapwa ikiwa na maneno ya kuitolea kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita, na kwa kuwa ilitungwa karibu na Dresden, wengi husikia mabomu, na ule uzi wa fidla huusikia kama ndege iliyo mbali angani. Wengine, wakikumbuka maisha ya mtunzi, husikia ngumi mlangoni usiku. Alikuwa na sababu ya kuijua hofu hiyo. Opera yake, Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk, ilipendwa sana tangu Januari 1934. Miaka miwili baadaye Stalin akaja kuitazama tarehe 26 Januari 1936, na tarehe 28 gazeti la Pravda likaishambulia kwa makala isiyo na jina la mwandishi. Opera ikaondolewa majukwaani. Walioandikwa vibaya namna ile miaka ile wengi hawakuonekana tena.

Mimi siwezi kuchagua kati ya bomu na mlango, na naona anayelazimisha uchaguzi huo anaupunguza muziki. Wahanga wa vita walikuwa na majina. Aliyeandika jina lake kati yao hakuwasukuma pembeni. Ninachokisikia kwa hakika ni kazi ambayo mapigo hayo yanafanya katika jengo: kwa zaidi ya nusu ya muziki jina limekuwa likizungumza, likipiga kelele, likicheza, hapa kwa mara ya kwanza linanyamazishwa, na kinachozungumza ni kitu kisicho na lahani kabisa. Nguvu isiyo na wimbo. Ni baada ya kukisikia hicho ndipo wimbo unapohitajika kweli.

Na unakuja. Kwanza wimbo wa zamani wa maziko wa wanamapinduzi wa Kirusi, wa kumuaga mfungwa aliyekufa kwa mateso, uliojulikana na kila Mrusi wa kizazi chake. Halafu selo inaacha kazi yake ya kubeba chini. Inapanda juu, juu sana kwa selo, mahali ambapo uzi unatoa sauti kama ya koo la mtu, na kuimba. Ni sauti ya Katerina, mhusika mkuu wa opera ile ile iliyopigwa marufuku, katika tendo lake la mwisho, akiwa katika msafara wa wafungwa kuelekea Siberia, akimwita mpenzi wake kwa jina la kumdekeza. Mwaka 1960 opera hiyo ilikuwa bado haijarudishwa kwenye majukwaa ya Kisovieti. Serikali iliyoifungia iliusikiliza wimbo wake katika ukumbi wa tamasha, bila maneno, ndani ya selo.

Mzee alikuwa ameacha chai yake ipoe. Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu Katerina.

"Ee," akasema polepole. "Kumbe ameingia."

Ya tano sina mengi ya kuieleza, na sidhani mtunzi alitaka ielezwe. Hakuna tena simfoni ya ujana, hakuna dansi, hakuna mapigo. Jina linarudi kwa mwendo wa kwanza, katika mtindo wa kufuatana ambao Waitaliano waliuita fuga: mmoja anatamka, mwingine anapokea, wa tatu anaingia juu yao. Karibu na mwisho wapigaji wanaweka kwenye nyuzi kile kibanio kidogo cha kupunguza sauti, na jina linasikika kama kutoka chumba cha pili.

Ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Leningrad, tarehe 2 Oktoba 1960, na Beethoven Quartet, wanamuziki ambao Shostakovich aliwakabidhi uzinduzi wa kwateti 13 kati ya 15 alizotunga. Baadaye Rudolf Barshai aliipanua kwa ruhusa yake kwa okestra ya nyuzi, na toleo hilo linapigwa sana pia. Ni zuri. Lakini mtu akiniuliza nitamwelekeza kwa wale wanne, kwa sababu okestra inapopiga yale mapigo matatu unasikia ukubwa, na wanne wanapoyapiga unasikia mkono wa mtu ukiumia. Gohrisch nako, tangu mwaka 2010, hufanyika tamasha la kila mwaka la muziki wake, na watu husafiri hadi mji ule mdogo kuusikiliza huu wa siku tatu pale ulipoandikwa.

Muziki ulipokwisha, mzee aliinuka akaingia ndani. Alirudi na fidla yake, akaikaza uzi mmoja, akaufuta upinde kwa kitambaa. Akatafuta. Ya kwanza, ya pili, ya tatu aliikosa akarudia, ya nne. Akaivuta hiyo ya nne hadi upinde ukafika mwisho, kisha, bila kufikiri, kidole kikateleza nusu toni juu, akaipata ya tano, C, pale ambapo sikio lilikuwa linaomba.

"Hapa ndipo inapotaka kukaa," akasema.

Nikamwambia ndipo inapokaa, mwishoni kabisa, baada ya dakika 20, wakati wote wanne wametua na sauti imekuwa ndogo hata hujui imekoma saa ngapi. Akatikisa kichwa, fidla bado iko begani.

"Rudisha pale alipoingia yule mwimbaji," akasema. "Nataka nimsikilize tena."